Sura ya 7: Mgodi Hauna Haraka, Waranti Ina Tarehe

"Hisa ya kampuni hii ya madini ni dola 5, lakini waranti yake ni senti 50. Kwa nini nisinunue waranti, maana ndiyo rahisi?" Swali hili huulizwa sana na watu walioanza kuweka akiba zao katika masoko ya hisa ya nje, hasa ndugu zetu walioko Kanada, Uingereza na Marekani, ambako kampuni nyingi zinazochimba Tanzania na Kongo zimeorodheshwa. Swali hilo lina pacha wake: "Nimenunua hisa nikaongezewa waranti. Je, nimepewa bure?"

Yote mawili yana jibu moja. Anayenunua waranti ananunua muda, na muda huo una mwisho. Kabla ya kuuliza kama bei ni nafuu au ghali, inabidi uulize kama mgodi utafika kabla ya tarehe. Wengi hupoteza fedha zao hapo, ilhali jina la kampuni ni zuri na madini yapo kweli ardhini.

## Waranti ni nini

Waranti ni hati inayotolewa na kampuni yenyewe, inayompa mwenye nayo haki ya kununua hisa mpya za kampuni hiyo kwa bei iliyopangwa leo, hadi tarehe fulani. Ni haki tu, wala halazimishwi kuitumia.

Chukua mfano wa kiwanja. Umekipenda kiwanja Kigamboni kinachouzwa shilingi milioni 20, lakini fedha hazijatimia. Unampa mwenye kiwanja laki 5 zisizorudishwa, mnaandikishana kwamba kwa miaka 2 hatamuuzia mtu mwingine wala hatapandisha bei. Barabara ya lami ikipita na kiwanja kikafika milioni 35, wewe bado utalipa milioni 20. Barabara isipopita, laki 5 zimekwenda. Na ikipita mwaka wa tatu, imepita kwa faida ya mwingine.

Mfano huo una upungufu mmoja ambao tutaurudia mbele: kiwanja ni kimoja na hakiongezeki, lakini kampuni inaweza kutoa hisa mpya kila inapoishiwa fedha.

Kumbuka pia kwamba mwenye waranti bado si mwanahisa. Hapati gawio, yaani sehemu ya faida inayogawiwa wanahisa, na hapigi kura kwenye mkutano mkuu.

## Kwa nini kampuni za madini hutoa waranti nyingi

Kampuni ya kutafuta madini haina mauzo. Kwa miaka mingi kazi yake ni kuchoronga miamba, kupeleka sampuli maabara na kulipia leseni. Benki haikopeshi mtu asiye na kipato, hivyo fedha hutoka kwa wanunuzi wa hisa. Wanunuzi hao wanajua kuwa wanabahatisha, ndiyo maana hudai nyongeza, na waranti ndiyo nyongeza yenyewe.

Utaratibu huu umeenea sana Kanada. Soko la TSX Venture lina mamia ya kampuni ndogo za madini, na nyingi huuza kile kinachoitwa kifungu: hisa 1 pamoja na waranti 1, au hisa 1 pamoja na nusu ya waranti. Nusu maana yake ni kwamba unahitaji vifungu 2 ili upate haki ya kununua hisa 1 zaidi.

Wanaopata vifungu hivyo mara nyingi ni wawekezaji wakubwa wanaonunua moja kwa moja kutoka kwa kampuni, nje ya soko. Huko Kanada hisa za namna hiyo kwa kawaida hufungwa kwa miezi 4 kabla ya kuruhusiwa kuuzwa. Miezi hiyo ikiisha, baadhi yao huuza hisa, hurudisha fedha zao, kisha hubaki na waranti ambazo sasa ni kama haziwagharimu kitu. Wewe uliyenunua hisa ileile sokoni hukupewa waranti yoyote. Kwa hiyo waranti si zawadi inayotoka hewani. Wanahisa wasio nayo ndio wanaoilipia, kama hesabu ya mbele itakavyoonyesha.

## Masharti ya kusoma kabla ya kutoa fedha

Waranti mbili za kampuni moja zinaweza kuwa na masharti tofauti kabisa. Masharti hayo huandikwa kwenye mkataba wa waranti na kwenye waraka wa matarajio, yaani kitabu ambacho kampuni hutoa inapouza hisa kwa umma. Yasome haya sita:

1. Bei ya utekelezaji. Ni bei utakayolipa ukitaka kuigeuza waranti kuwa hisa. Pima umbali kati yake na bei ya hisa ya leo.
2. Tarehe ya ukomo. Siku inayofuata, waranti haina thamani hata senti moja. Dalali wako wa hisa anaweza kukutaka utoe maelekezo siku kadhaa kabla, hivyo tarehe yako halisi iko mapema kuliko iliyoandikwa.
3. Uwiano. Waranti 1 inanunua hisa ngapi? Usidhani kila mara ni moja kwa moja.
4. Haki ya kampuni kuharakisha. Mikataba mingi inasema hisa ikikaa juu ya bei fulani kwa siku kadhaa, kampuni inaweza kukupa notisi fupi, pengine ya siku 30. Usipolipa ndani ya muda huo, umeipoteza haki yako au unafidiwa kiasi kidogo mno.
5. Marekebisho. Kampuni ikigawanya hisa zake, ikiziunganisha au ikinunuliwa na nyingine, waranti yako inakuwaje?
6. Namna ya kulipa. Je, lazima ulete fedha taslimu, au unaruhusiwa kupokea hisa chache zenye thamani ya faida yako bila kulipa kitu?

Sharti la nne ndilo linalowashtua wengi. Mtu huona hisa imepanda, akajisifu kuwa bado ana miaka 3 ya kusubiri, kumbe barua ya notisi imeshatoka na siku zinahesabiwa. Faida aliyodhani haina kikomo ilikuwa na dari tangu siku ya kwanza.

## Hesabu ya pande mbili

Turudi kwenye swali la mwanzo. Tuseme hisa ni dola 5, waranti ni senti 50, na bei ya utekelezaji ni dola 6. Una dola 1,000, ambazo zinanunua hisa 200 au waranti 2,000. Siku ya mwisho ya waranti inaweza kukuta mambo haya:

- Hisa iko dola 8. Mwenye hisa ana dola 1,600. Kila waranti ina thamani ya dola 2, hivyo mwenye waranti ana dola 4,000.
- Hisa iko dola 6. Mwenye hisa ana dola 1,200. Mwenye waranti hana kitu.
- Hisa iko dola 4. Mwenye hisa ana dola 800 na bado anaweza kusubiri. Mwenye waranti hana kitu, na hana cha kusubiri.

Tazama mstari wa kati. Hisa imepanda kwa asilimia 20, utabiri wako ulikuwa sahihi, na bado mwenye waranti amepoteza kila kitu. Ili arudishe fedha zake tu, hisa ilipaswa kufika dola 6.50, yaani bei ya utekelezaji pamoja na senti 50 alizotoa kununulia waranti.

Kuna jambo jingine lisilosemwa mara kwa mara. Ili kuzigeuza waranti 2,000 kuwa hisa kwa dola 6 unahitaji dola 12,000. Uliyeanza na dola 1,000 utazipata wapi? Kama waranti zenyewe zinauzwa sokoni, utaziuza na kuchukua faida yako. Kama haziuzwi sokoni, na nyingi haziuzwi, unaweza kuwa na haki nono mkononi ukashindwa kuitumia.

Kwa ufupi: senti 50 hazikuwa bei rahisi ya kitu kilekile. Zilikuwa bei ya kitu kingine, chenye faida kubwa zaidi kikifaulu na hasara ya fedha yote kikichelewa.

## Kabanga: saa mbili zisizokwenda pamoja

Mfano ulio karibu nasi ni nikeli ya Kabanga, wilayani Ngara, mkoani Kagera. Madini hayo yalifahamika tangu miaka ya 1970. Tangu wakati huo kampuni kadhaa kubwa zimepita pale, miongoni mwao Barrick, Xstrata na Glencore. Zilichoronga, zikaandika ripoti, zikaondoka bila kujenga mgodi. Mwaka 2018 leseni za zamani zilifutwa. Januari 2021 Serikali ya Tanzania ilitia saini makubaliano mapya yaliyozaa kampuni ya Tembo Nickel, ambamo Serikali ina asilimia 16, na Oktoba mwaka huohuo leseni maalumu ya uchimbaji ikatolewa.

Mwenye mradi kwa upande wa wawekezaji ni Lifezone Metals, iliyoingia soko la hisa la New York Julai 2023. Iliingia kwa kuungana na kampuni tupu, yaani kampuni isiyo na biashara yoyote, iliyoanzishwa ili ikusanye fedha sokoni na kutafuta kampuni ya kuungana nayo. Kampuni tupu za namna hii huuza hisa zao pamoja na waranti. Ndivyo ilivyotokea kwamba waranti za kampuni yenye mradi Ngara zikawa zinauzwa New York. Bei yake ya utekelezaji ni dola 11.50, na muda wake ni miaka 5 tangu muungano, yaani hadi Julai 2028.

Weka saa mbili mezani. Saa ya mgodi imekwenda takriban miaka 50 tangu nikeli ijulikane. Upembuzi yakinifu, yaani ripoti ya kina inayoonyesha kama mgodi utalipa na utagharimu kiasi gani, ulitangazwa Julai 2025. Baada ya ripoti hiyo bado kuna kutafuta mkopo, kujenga, kufunga mitambo na kuchimba tani za kwanza. Saa ya waranti ina miaka 5 tu, na 2 kati ya hiyo ilikuwa imeshapita ripoti ilipotoka.

Katikati hapo bei ya nikeli ilianguka, kwa sababu Indonesia iliongeza uzalishaji kwa kiwango kikubwa. Hisa ya Lifezone ilikaa chini ya dola 11.50 mwaka 2024 wote. Mwenye hisa anayeuamini mradi anaweza kusubiri bei ya nikeli igeuke mwaka 2029 au 2031. Mwenye waranti hawezi.

Sisemi kwamba waranti hizo hazitalipa. Soko hutazama mbele, na hisa inaweza kupanda siku mkopo wa ujenzi utakapokamilika, hata kabla ya jiwe la kwanza kusagwa. Lakini anayezinunua ajue anachokitegemea: kwamba habari njema itakuja, na itakuja kabla ya Julai 2028.

## Banro: mgodi ulizalisha, waranti ikafa

Watu hudhani hatari iko kwenye migodi isiyojengwa tu. Historia ya Banro inaonyesha vinginevyo. Kampuni hii iliyoorodheshwa Toronto ilikuwa na migodi 2 ya dhahabu mashariki mwa Kongo: Twangiza, Kivu Kusini, na Namoya, Maniema. Machi 2012 ilikopa dola milioni 175 kwa hatifungani, yaani hati za mkopo zinazouzwa kwa wawekezaji, kwa riba ya asilimia 10. Ili kuwavutia wakopeshaji, iliwaongezea waranti milioni 8.4 zenye bei ya utekelezaji ya dola 6.65 na muda wa miaka 5.

Siku hizo dhahabu ilikuwa juu. Twangiza ilianza uzalishaji wa kibiashara mwezi Septemba mwaka huohuo, na Namoya ikafuata mwaka 2016. Kwa maneno mengine, kampuni ilifanya ilichoahidi: ilijenga migodi na dhahabu ikatoka. Lakini mwaka 2013 bei ya dhahabu duniani ilishuka kwa zaidi ya robo, ujenzi wa Namoya ulimeza fedha nyingi, na deni la asilimia 10 lilidai riba yake kila msimu. Waranti zilipofika mwisho Machi 2017, hisa ilikuwa chini ya dola 1. Desemba mwaka huo kampuni ilikwenda mahakamani Kanada kuomba ulinzi dhidi ya wadai wake.

Somo ni hili: dhahabu kutoka ardhini hakutoshi. Dhahabu inalipa wafanyakazi kwanza, kisha mafuta ya mitambo, kodi na mrabaha, kisha wadai. Mwanahisa anasubiri nyuma ya hao wote, na mwenye waranti yuko nyuma ya mwanahisa.

## Neema nayo ipo

Haitakuwa haki kuonyesha upande mmoja. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 dhahabu iliuzwa karibu dola 300 kwa wakia, na wachache waliitaka. Kampuni ya Kanada iitwayo Wheaton River ilitoa waranti zenye bei ya utekelezaji ya dola 1.65 za Kanada, zenye ukomo Mei 2007. Mwaka 2005 iliungana na kampuni ya Goldcorp kwa uwiano wa hisa 4 za Wheaton River kwa hisa 1 ya Goldcorp. Kwa kuwa sharti la marekebisho liliandikwa vizuri, waranti hazikufa. Waranti 4 zilinunua hisa 1 ya Goldcorp kwa jumla ya dola 6.60, na mwaka 2006 hisa hiyo iliuzwa kwa zaidi ya dola 20.

Faida hiyo ilitokana na mambo matatu yaliyokutana: bei ya madini ilikuwa chini waranti zilipotolewa, muda ulikuwa mrefu, na mkataba uliwalinda wenye waranti kampuni ilipobadilika. Mlinganishe na aliyepokea waranti za Banro mwaka 2012, dhahabu ikiwa karibu na kilele chake cha wakati huo. Muda mrefu vilevile, madini yaleyale, matokeo mbali kama mbingu na ardhi.

## Gharama anayobeba mwanahisa

Sasa turudi kwenye upungufu wa mfano wa kiwanja. Tuseme kampuni ina hisa milioni 100, kila moja senti 80, hivyo kampuni nzima ina thamani ya dola milioni 80. Kuna waranti milioni 40 zenye bei ya utekelezaji ya senti 50. Zote zikitumika, kampuni inapokea dola milioni 20, na thamani inafika dola milioni 100. Lakini hisa sasa ni milioni 140. Gawanya, na kila hisa inabaki na takriban senti 71. Mwanahisa aliyekuwa na asilimia 1 ya kampuni sasa ana asilimia 0.71.

Kwa hiyo hata kama hununui waranti, zihesabu. Kampuni huorodhesha idadi, bei na tarehe za waranti zake kwenye taarifa za fedha. Waranti nyingi zenye bei iliyo juu kidogo ya bei ya leo huifanya hisa ipande kwa shida, kwa sababu kila ikipanda hisa mpya huingia sokoni.

Kwa migodi ya Tanzania ongeza jambo moja kwenye hesabu yako. Tangu marekebisho ya sheria ya madini ya mwaka 2017, Serikali hupata hisa zisizopungua asilimia 16 kwenye mgodi bila kuchangia mtaji. Ni haki ya nchi kunufaika na ardhi yake. Mwekezaji anachotakiwa kuelewa ni kwamba mtaji wote wa ujenzi utatoka kwa asilimia 84 zilizobaki, kwa mikopo au kwa hisa mpya.

## Maswali kumi ya kujiuliza

Kabla ya kununua waranti, chukua karatasi uandike majibu ya maswali haya. Usipoweza kujibu angalau saba kati yake, usinunue.

1. Bei ya utekelezaji iko juu ya bei ya leo kwa asilimia ngapi?
2. Hisa lazima ifike bei gani ili nirudishe fedha zangu?
3. Imebaki miezi mingapi?
4. Ni tukio gani hasa litakalopandisha hisa ndani ya miezi hiyo: matokeo ya uchorongaji, leseni, mkopo, au dhahabu ya kwanza?
5. Tukio hilo likichelewa mwaka mmoja, nitabaki na nini?
6. Kampuni ina fedha za kuendesha kazi kwa muda gani kabla ya kutoa hisa nyingine?
7. Kampuni inaweza kuharakisha ukomo? Kwa bei gani na kwa notisi ya siku ngapi?
8. Kampuni ikinunuliwa, mkataba unasema nini?
9. Waranti hii inauzwa sokoni, na kwa wingi kiasi gani kwa siku?
10. Nina fedha za kuigeuza kuwa hisa, na sheria za ninapoishi zinaniruhusu kuzituma nje?

Majibu mengi yanapatikana bila malipo. Kampuni za Kanada huweka nyaraka zao kwenye tovuti ya SEDAR+, na zile za Marekani kwenye EDGAR. Tangu mwaka 2001 Kanada inazilazimisha kampuni zake za madini kuweka wazi ripoti za kitaalamu zinazosimamiwa na mtaalamu anayewajibika kwa jina lake. Kanuni hiyo ilikuja baada ya kashfa ya kampuni ya Bre-X ya mwaka 1997, ambapo sampuli kutoka Busang, Indonesia, zilitiwa dhahabu ya udanganyifu.

## Muhtasari

- Waranti ni haki ya kununua hisa mpya kwa bei maalumu hadi tarehe maalumu.
- Bei yake ndogo haimaanishi unafuu, maana fedha yote inaweza kupotea hata hisa ikipanda.
- Hatari yake kubwa ni kuchelewa, na migodi huchelewa.
- Waranti hugharimu wanahisa wasio nazo, hivyo zihesabu hata kama huzinunui.

Ndugu msomaji, ada ya shule ya mtoto, fedha ya kujengea nyumba na akiba ya ugonjwa zisiende kwenye waranti hata siku moja. Kama una fedha ambayo ikipotea yote maisha yako hayatatikisika, na umesoma mkataba mwenyewe, na unaweza kutaja tukio litakaloinua hisa kabla ya tarehe, waranti inaweza kukufaa. Kama unauamini mgodi lakini hujui utafunguliwa lini, nunua hisa, uache waranti.